Kutoka fizikia hadi uhandisi wa anga ughaibuni: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwenye shahada ya fizikia anayeomba uzamili wa uhandisi wa anga mara nyingi anazo sifa zinazotakiwa, ila hazionekani. Msomaji wa maombi ana mafaili mengi mezani na orodha ya masomo anayotakiwa kuyakuta: mekanika ya giligili, uimara wa vifaa, thamodinamiki, udhibiti, hisabati. Akifungua nakala ya matokeo anakuta "Fizikia ya Kwanta II" na "Mekanika ya Kikale", anaweka faili pembeni. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwombaji ni kukitafsiri cheti chake kwa lugha ya wahandisi kabla mtu mwingine hajakisoma vibaya, kisha kuziba yale ambayo kweli hakuyasoma.

Hatua ya 1: amua ni anga ipi

Kiswahili kina neno moja, anga, kwa pale ndege inapopita na pale setilaiti inapozunguka. Vyuo vinatenganisha, na tofauti hiyo ina uzito kwa mtu wa fizikia.

Upande wa ndege kuna aerodinamiki, miundo ya mabawa na bodi, injini za jeti, uthabiti wa ndege ikiwa hewani. Huko wenzako watakuwa wametumia miaka mitatu kwenye mambo ambayo wewe hukuyagusa. Upande wa anga za juu kuna obiti, kugeuza na kutuliza chombo, umeme wa paneli za jua, vitambuzi, mawasiliano ya redio, joto linavyotoka kwenye ombwe. Sehemu kubwa ya haya umeshayasoma kwa majina mengine. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani iliitwa Uhuru, ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mzigo iliobeba ulibuniwa na wanafizikia.

Ushauri wetu: kama huna sababu nzito ya kutaka ndege, anza kutafuta upande wa anga za juu. Chuo Kikuu cha Bremen kina uzamili wa sayansi na teknolojia za anga za juu unaoendeshwa kwa Kiingereza, na fizikia ni mlango wa kawaida wa kuingilia. Jijini humo pia kuna mnara wa ZARM, kituo cha utafiti wa teknolojia ya anga za juu, wenye urefu wa mita 146, ambamo kapsuli huachiwa na kuanguka kwa sekunde 4.74 bila uzito (piga hesabu mwenyewe, utapata anguko la mita 110). Chuo cha teknolojia cha Luleå nchini Sweden kinafundisha usanifu wa vyombo vya angani kwenye kampasi yake ya Kiruna. Würzburg nchini Ujerumani wana teknolojia ya setilaiti, na Cranfield nchini Uingereza wana uzamili wa mwaka mmoja wa uhandisi wa anga za juu. Kwa ndege zenyewe majina makubwa ni Delft, München, Stuttgart, KTH ya Stockholm, Politecnico di Milano na ISAE-SUPAERO ya Toulouse. Hao soma masharti yao neno kwa neno kabla hujalipa ada yoyote ya maombi.

Na tusichanganye mambo: uzamili huu haukupi ruhusa ya kuifanyia ndege matengenezo na kuisainia iruke. Hiyo ni leseni ya ufundi wa ndege, njia yake ni nyingine kabisa, na inasomewa hata hapa nyumbani, kwa mfano Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam.

Hatua ya 2: geuza nakala ya matokeo kuwa jedwali la krediti

Ulaya hesabu ni ya ECTS, mfumo wao wa pamoja wa krediti: mwaka mmoja ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Tanzania, kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), krediti moja ni saa 10, mwaka ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Njia ya haki ni kulinganisha mwaka kwa mwaka: 120 kwa 60, yaani gawa kwa 2. Kozi ya krediti 12 inakuwa ECTS 6. Ukigawa kwa saa utapata pungufu, na vyuo vingine hufanya hivyo, kwa hiyo andika chini ya jedwali lako umetumia njia gani. Kenya nakala nyingi zinaorodhesha yuniti bila krediti. Hapo chukua 60 ugawe kwa idadi ya yuniti za mwaka husika: aliyesoma yuniti 12 anaweka ECTS 5 kwa kila moja.

Jedwali liwe na safu nne: jina la kozi kama lilivyo kwenye nakala, krediti zake, ECTS, na mada zilizofundishwa. Safu ya nne ndiyo inayofanya kazi. Tazama mfano huu:

Mekanika ya Kikale | 12 | 6 | mwendo wa mwili mgumu, milinganyo ya Euler, mwendo chini ya nguvu kuu, sheria za Kepler, mitetemo iliyounganishwa

Msomaji aliyeona jina tu hakujua kwamba nusu ya kozi hiyo ni mekanika ya obiti na mwendo wa setilaiti inayojizungusha. Sasa anajua. Fanya vivyo hivyo kwa sumakuumeme (mawimbi, antena), elektroniki (vikuza-ishara, vichujio, saketi za dijiti), fizikia ya yabisi (seli za jua, semikondakta) na maabara zote. Kwanta iache na jina lake. Usiilazimishe kuwa uhandisi, msomaji atacheka.

Mada hizo lazima zilingane na mtaala rasmi. Omba idara maelezo ya kozi yenye mhuri, kurasa zote. Hapa ndipo wengi wanakwama: mtaala uliotumika mwaka wako umeshabadilishwa, nakala yake iko kwenye kompyuta ya mtu aliyehamishwa, na mkuu wa idara yuko safarini. Tenga miezi miwili kwa karatasi hii peke yake, na nenda na rasimu uliyokwisha kuichapa wewe ili idara ikague na kugonga mhuri badala ya kuanza kuandika upya.

Waliosoma fizikia pamoja na ualimu wana hesabu ngumu zaidi. Saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na mazoezi ya kufundisha havihesabiwi na kamati ya uhandisi, kwa hiyo shahada ya 360 inaweza kubaki na nusu tu. Aliyechukua fizikia na hisabati ana nafuu kuliko aliyechukua fizikia na kemia. Kama ECTS zako za fizikia na hisabati zikijumlishwa hazifiki 90 hivi, fikiria kwanza uzamili wa fizikia au hisabati tumizi nyumbani kabla ya kuvuka.

Hatua ya 3: jua alama zako zinasomekaje kwao

Ujerumani hutumia kanuni inayobadili alama za nje kuwa zao, ambako 1.0 ni bora kabisa na 4.0 ni kufaulu kwa shida. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako. Gawa kwa alama ya juu kabisa ukitoa alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, jumlisha 1.

Kwa GPA ya Tanzania, ya juu 5.0 na ya kufaulu 2.0, kanuni inajikunja vizuri: alama ya Kijerumani ni 6 ukitoa GPA yako. GPA 3.8 ni 2.2. GPA 3.5, mwanzo wa daraja la pili la juu, ni 2.5, na 2.5 ndiyo mstari ambao programu nyingi huuweka.

Mkenya anaumia hapa. Chuo kikichukua 100 kuwa alama ya juu na 40 kuwa ya kufaulu, mwenye wastani wa asilimia 70, daraja la kwanza kabisa, anapata 2.5 ileile. Mwenye 60 anapata 3.0, anaachwa nje. Hakuna mwanafunzi anayepata 100 kwenye fizikia, lakini kanuni haijui hilo. Dawa ni barua kutoka ofisi ya msajili inayoeleza madaraja yalivyopangwa na, kama wanakubali kuiandika, nafasi yako darasani: "wa tatu kati ya wanafunzi 58" inaongea kuliko asilimia.

Hatua ya 4: ziba mapengo ya kweli

Pengo la kwanza ni mekanika ya giligili, yaani ya vitu vinavyotiririka. Mwanafizikia anaijua Bernoulli na anadhani imetosha. Haijatosha, kwa sababu hewa halisi inanata kwenye uso wa bawa, na tabaka hilo jembamba ndilo linaloamua lini bawa litaacha kunyanyua.

Kuna tofauti ya fikra pia, na ndiyo inayowaangusha wengi muhula wa kwanza. Fizikia hufuata kitu kilekile: gesi iliyofungwa kwenye silinda, chembe inayosafiri. Mhandisi hachukui kitu, anachukua chumba cha kufikirika kilichosimama mahali, kisha anahesabu kinachoingia na kinachotoka: masi, momenta, nishati. Injini ya jeti haihesabiki kwa njia nyingine. Mtu aliyepata A kwenye thamodinamiki ya Carnot anaweza kukaa na swali la kompresa saa nzima bila kupata pa kuanzia, kwa sababu hajawahi kutumia enthalpi ya mtiririko. Fanya maswali 40 ya aina hii kabla hujaondoka nyumbani.

Pengo la pili ni uimara wa vifaa: mkazo, boriti inayopinda, mhimili unaosokotwa, paneli nyembamba inayokunjamana. Hisabati yake ni rahisi kwako, lakini kuna mazoea ya kujifunza. Ndege za abiria, kwa mfano, husanifiwa zihimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa kutokea kazini, si mara 10 kama mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu kila kilo ya ziada inabebwa maisha yote ya ndege.

Udhibiti utaupata haraka kama unajua mageuzi ya Laplace. Uchoraji wa kihandisi hauna nadharia, una saa tu: keti na FreeCAD, ni ya bure, uchore kifaa chenye vipande vitano vinavyounganika.

Pa kusomea: la kwanza kujaribu ni kitivo cha uhandisi cha chuo chako mwenyewe. Uliza kama wanapokea mwanafunzi wa kozi mojamoja na kama atapewa nakala ya matokeo. Giligili na uimara wa vifaa, zikiwa na alama na mhuri, zinaingia kwenye jedwali lako kama krediti halali. Kozi za bure za mtandaoni kama MIT OpenCourseWare na NPTEL ya India zinafundisha vizuri sana ila hazikupi krediti. Ziweke kwenye wasifu, usiziweke kwenye jedwali. Aliye bado mwaka wa mwisho achague mradi wa kuhitimu unaogusa mtiririko wa hewa, mitetemo au setilaiti. Hilo halina gharama na lina uzito kuliko cheti chochote cha mtandaoni.

Njia nyingine ni kupokelewa kwa masharti. Wajerumani huita Auflagen: unaingia, lakini unapewa kozi za shahada ya kwanza za kufaulu ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi mwaka wa kwanza. Zinaweza kuongeza muhula mzima wa masomo, na ukizishindwa unaweza kupoteza nafasi. Zikubali, ila bajeti yako iwe ya miezi 30, si 24.

Hatua ya 5: tengeneza kazi moja ya kuonyesha

Moja iliyokamilika inatosha. Kwa upande wa ndege, chukua umbo la bawa NACA 2412. Tarakimu zake zinasoma hivi: mbinuko wa juu ni asilimia 2 ya upana wa bawa, uko asilimia 40 kutoka ncha ya mbele, na unene ni asilimia 12. Nadharia ya bawa jembamba inasema koefishenti ya nguvu ya kunyanyua hupanda kwa 2π kila radiani, karibu 0.11 kwa digrii, na kwamba bawa hili linaacha kunyanyua likiinamishwa digrii 2.1 chini. Kwa pembe ya digrii 4 unapata 0.11 × 6.1, yaani 0.67. Sasa endesha XFOIL, programu ya bure ya kukokotoa mtiririko wa hewa kwenye umbo la bawa, kwa namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo wa hewa na za mnato wake) ya milioni 1, kutoka digrii -4 hadi 16, na uchore mistari miwili pamoja.

Programu itagoma. Ukiruka kutoka digrii 0 hadi 14 kwa mkupuo haipati jibu. Panda kwa nusu digrii nusu digrii, panga upya pointi za umbo kabla ya kuanza, na ongeza marudio hadi 100 au 200. Eneo ambalo mistari inaachana ndilo unalotakiwa kulieleza kwa kurasa mbili: hapo tabaka la hewa limeanza kubanduka, na nadharia haikulijua.

Kwa upande wa setilaiti, chukua 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Sapienza ya Roma, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Kwa kimo cha kilomita 400 mzunguko mmoja ni dakika 92.6. Tumia GMAT, programu ya bure ya NASA, kukadiria obiti inavyoshuka kwa msuguano wa hewa nyembamba, kisha eleza kwa nini jibu linabadilika sana jua likichachamaa.

Hatua ya 6: nchi na fedha

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg, kilipo chuo cha Stuttgart, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo cha teknolojia cha München kilianza kutoza ada muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa uzamili ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula kutegemea programu. Kabla ya viza unatakiwa kuonyesha fedha za mwaka kwenye akaunti maalumu inayokuachia kiasi fulani kila mwezi: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zako, ila lazima ziwepo zote siku ya maombi.

Italia ina ruzuku za mikoa zinazotolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Karatasi zake ni nyingi: kipato cha wazazi, mali, idadi ya wanafamilia, vyote vikitafsiriwa na kuidhinishwa. Kwa uhandisi, Waitalia pia huhesabu krediti kwa fani bila huruma, kwa hiyo jedwali la hatua ya 2 lisikamilike nusu. Programu za pamoja za Erasmus Mundus, za Umoja wa Ulaya, hulipa wafadhiliwa euro 1,400 kwa mwezi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Japani ina ufadhili wa MEXT, wizara yake ya elimu, kupitia ubalozi; taasisi ya teknolojia ya Kyushu ndiko ilikoundwa setilaiti ya PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyorushwa 2022.

Marekani inahitaji tahadhari ya peke yake. Kusoma unaweza, na mwenye fizikia nzuri anaweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamivu akilipwa kama msaidizi wa utafiti. Shida ni baada ya kuhitimu. Sheria zao za ITAR, za kudhibiti silaha zisitoke nje, zinahesabu roketi na baadhi ya vyombo vya angani kama teknolojia ya kijeshi, na kampuni zinazogusa vitu hivyo kwa kawaida huajiri raia, wakazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi tu. Mwenye viza ya mwanafunzi anaachwa nje hata awe na alama gani. Ulaya nako shirika la anga za juu, ESA, huajiri hasa raia wa nchi wanachama, ingawa kampuni binafsi na maabara za vyuo ziko wazi zaidi.

Hatua ya 7: barua, kisha kalenda

Barua ya nia isianze na "Tangu utotoni nilipenda kutazama ndege zikipita." Kila mwombaji alizitazama. Anza na kazi: "Katika mradi wangu nilikadiria nguvu ya kunyanyua ya NACA 2412 na kueleza kwa nini nadharia inashindwa baada ya digrii 10." Aya ya pili itaje mapengo yako waziwazi na ulivyoyaziba, msomaji atayaona tu, bora ayasikie kwako.

Kabla ya kulipa, mwandikie mratibu wa programu barua pepe ya mistari mitano ukiambatisha jedwali. Uliza swali linalojibika: "Nina ECTS 24 za hisabati na 6 za giligili, je, natimiza kigezo, au mtanipa masharti?" Swali la "je, fizikia inakubalika?" hujibiwa kwa kiungo cha tovuti.

Kwa anayetaka kuanza Septemba au Oktoba, jedwali na maelezo ya kozi yaanze Juni ya mwaka uliotangulia, mtihani wa Kiingereza Septemba (matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili), barua za mapendekezo Oktoba. Sweden na Delft ya Uholanzi hufunga katikati ya Januari. Ujerumani hutofautiana chuo kwa chuo hadi Julai, na wanaopitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, hulipa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Usingoje Julai hata kama tarehe inaruhusu: miadi ya viza inaweza kukula miezi.

Kagua majina mapema. Cheti cha kidato cha nne kikisoma majina mawili, cha chuo matatu, na pasipoti ikiwa na mpangilio tofauti, utaombwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, na hiyo haipatikani kwa siku moja.

Wanaotaka kurudi na kuitwa wahandisi wajue kwamba bodi za usajili wa wahandisi, ERB Tanzania na EBK Kenya, hutazama shahada ya kwanza ya uhandisi. Waandikie kabla ya kuondoka, upate jibu la maandishi.

Na ukisafiri, maelezo ya kozi yenye mhuri yabebe kwenye begi la mkononi, asilia pamoja na nakala. Masharti uliyopewa kwenye barua ya kupokelewa hujadiliwa upya wiki za mwanzo wa muhula, profesa akiwa na mtaala wako mkononi, na kozi iliyofutwa siku hiyo inakuokolea mtihani wa Februari.